Mashine ya Sajini: Kuchonga kwa Kompyuta kwa Vyuma Vilivyotupwa

Ndugu msomaji, katika mtaa wetu hapa Jinja anaishi sajini mmoja mstaafu wa polisi. Alitumikia miaka mingi, akastaafu kwa heshima, akajenga nyumba ndogo ya vyumba vitatu, na uani akasimamisha kibanda cha mabati ambamo hutengeneza redio, pasi na vitanda vya majirani. Sisi jirani zake twamwita Afande kama zamani. Naye huniita Mwalimu, ingawa tangu nilipohamishiwa ofisi ya elimu sishiki tena chaki.

Jioni moja ya mwaka 2023 alipiga hodi mlangoni pangu akiwa na gunia begani. Alipolitua lililia kama sufuria. Ndani mlikuwa na fimbo za chuma zing'aazo, mikanda midogo yenye meno, mota, springi na nyaya za rangi zote.

"Mwalimu," alisema, "wewe umesoma hesabu. Nisaidie. Nimekwisha kupokea pesa za watu."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Afande aliona katika simu ya mwanawe mashine inayochonga maua juu ya mlango bila mkono wa mtu. Akaambiwa kuwa mashine ndogo ya namna hiyo yaweza kuundwa nyumbani kwa vyuma vya printa na skana zilizokufa. Aliwaeleza askari wenzake wa zamani, nao 12 wakamwagiza vibao vya majina vya kubandika kwenye malango yao, vya mti wa mvule, kila kimoja chenye jina na namba ya nyumba. Kila mmoja alitoa nusu ya malipo. Kwa pesa hizo alinunua vifaa alivyokosa, akaunda mashine, akaiwasha. Mashine ilikwenda, lakini haikuchonga. Pesa zilikuwa zimekwisha, na ahadi ilikuwa bado ipo.

Nayaandika haya kwa kuwa najua kwamba wasomaji wengi wa ukurasa huu, walio kazini na waliostaafu, wamo katika kutafuta kazi ya mikono ya kuwasaidia nyumbani. Kazi hii ni nzuri, wala haihitaji mtaji mkubwa. Lakini ina mlango wake wa kuingilia, na sisi tulianza kwa kuingilia dirishani.

MASHINE INAYOHESABU HATUA

Wazo la mashine hii ni jepesi kuliko watu wanavyodhani. Fundi achongapo jina kwenye ubao, mkono wake huenda kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ambayo mafundi huiita kwa herufi tatu CNC, hufanya mambo hayo hayo kwa mota tatu. Upande wa kushoto na kulia huitwa X, wa mbele na nyuma huitwa Y, na wa juu na chini huitwa Z. Kompyuta husoma orodha ya amri, mstari baada ya mstari. Amri iliyoandikwa G1 X40 Y25 F200 maana yake ni hii: nenda kwa mstari ulionyooka mpaka penye milimita 40 upande wa X na milimita 25 upande wa Y, kwa mwendo wa milimita 200 kwa dakika.

Jambo hili si la jana. Huko Marekani, John T. Parsons, ambaye kiwanda chake kilitengeneza mapanga ya helikopta, alitafuta njia ya kukata maumbo yaliyopinda kwa kufuata tarakimu badala ya jicho la fundi. Jeshi la anga la nchi hiyo lilimpa mkataba mwaka 1949, na mwaka 1952 Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts kikaonyesha hadharani mashine iliyosoma amri zake kutoka utepe uliotobolewa matundu. Mitambo ya kuhesabu ya mashine ile ilijaza kabati kubwa. Leo kazi hiyo hufanywa na bodi ndogo kuliko kiganja, iitwayo Arduino, iliyobuniwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi. Programu ya kuiongoza, iitwayo Grbl, ilianzishwa mwaka 2009 na Simen Svale Skogsrud wa Norwei, nayo hutolewa bure.

Wala sisi Waafrika hatuko nyuma katika kuunda mashine za jamii hii kwa takataka. Mwaka 2013, mjini Lomé, Togo, Kodjo Afate Gnikou alijulikana duniani kwa kuunda mashine ya kuchapa vitu vya plastiki, tabaka juu ya tabaka, kwa vyuma vya skana na kompyuta zilizotupwa. Mashine ile huongeza plastiki, na yetu hupunguza mti, lakini mifupa yake ni mamoja.

Kiungo cha kuelewa kuliko vyote ni mota ya hatua. Mota hii haizunguki ovyo kama ya feni. Kila ipokeapo pigo moja la umeme, hupiga hatua moja na kusimama. Mifano mingi mizuri hupiga hatua 200 katika mzunguko mmoja. Mifano midogo ya printa hupiga 48 tu. Fikirini kuruta aliyefungwa kitambaa machoni katika uwanja wa gwaride. Akiamriwa hatua 40 mbele, atapiga hatua 40. Lakini akijikwaa na kupoteza hatua 3, yeye hajui, na anayetoa amri hajui. Ataendelea kutii kila amri ifuatayo akiwa mahali pasipo pake, mpaka gwaride lote liharibike. Mota iliyolemewa na mzigo hufanya vivyo hivyo.

VYUMA VYATOKA WAPI

Afande alikuwa amekusanya kwa bidii, na gunia lake lilinifundisha mengi. Nayaeleza kwa ufupi ili msomaji ajue nini cha kutafuta.

Kisomaji cha diski za DVD kina mota ndogo ya hatua na skrubu yake, lakini mwendo wake ni kama milimita 40 tu. Chafaa kwa kuchezea kalamu, si kwa kukata. Skana ya mezani ina mota moja ya hatua, mkanda, na fimbo laini ndefu kidogo kuliko karatasi. Printa za wino hudanganya wengi: zina fimbo nzuri, lakini kichwa chake aghalabu huvutwa na mota ya kawaida isiyohesabu hatua, ikiongozwa na utepe mwembamba wa plastiki wenye mistari. Mota hiyo haitakufaa kwa kazi hii. Hazina kubwa imo katika printa za zamani zinazogonga utepe kwa sindano, na katika mashine kubwa za fotokopi. Humo mna mota za hatua zenye nguvu, fimbo nene za chuma kigumu, beringi na springi.

Mota ikiwa na nyaya nne, ni rahisi kuitambua. Ipime kwa mita ya umeme: nyaya zinazopitishiana umeme ni jozi moja, na zilizobaki ni jozi ya pili. Usipokuwa na mita, gusanisha nyaya mbili kisha zungusha mhimili kwa vidole. Ukiwa mzito ghafula, umepata jozi. Mota ya nyaya sita nayo hutumika, kwa kuacha waya wa katikati wa kila jozi. Ya nyaya tano iache pembeni, maana haikubali vibodi vya kawaida vya kuendeshea mota mpaka ikarabatiwe ndani.

Hapa sina budi kusema neno moja kama mtumishi wa serikali. Printa iliyokufa katika ofisi ya umma ingali mali ya umma. Haichukuliwi kwa kuwa imelala stoo chini ya vumbi. Hungoja kuondolewa katika daftari na kuuzwa kwa utaratibu uliowekwa, nasi tuliongeza vyuma vyetu kwa kununua mnadani na kwa mafundi wa Katwe, Kampala, tukiwa na risiti mkononi.

HERUFI O ILIYOKATAA KUFUNGA

Sasa turudi katika kile kibanda. Mashine ya kwanza ilikuwa kubwa na ya kupendeza macho. Afande alikuwa ameichora kwanza katika karatasi, meza yenye urefu wa sentimita 50, apate siku moja kuchonga hata milango. Kisha akatafuta vyuma vya kuijaza picha hiyo. Fimbo za printa, zenye kipenyo cha milimita 8, zilivuka sentimita 50 zikiwa zimeshikwa ncha tu. Mota za hatua 48 zilivuta mikanda ya skana moja kwa moja.

Tulifunga kipande cha mvule, tukaamuru herufi O. Biti iligusa mti, mashine ikatetemeka na kunguruma, na herufi ikatoka kama yai lililovunjika: mwanzo na mwisho wake havikukutana kwa karibu nusu sentimita. Tulijaribu mara ya pili kwa kuongeza kina. Hapo biti ilikatika. Kipande chake kiliruka, kikagonga mwimo wa mlango na kuacha alama mbichi katika mti. Mjukuu wa Afande, mwenye miaka minne, alikuwa ameketi kizingitini akitazama. Alama ile ilikuwa shibiri moja juu ya kichwa chake.

Mke wa Afande aliingia, akamchukua mtoto, akachomoa waya ukutani. Mama huyu ni mshoni. Cherehani yake ndiyo iliyowasomesha watoto wao. Hakupaza sauti. Alitazama mashine kwa muda, kisha akasema, "Mimi mteja akija, kwanza nakitandaza kitambaa na kukipima, ndipo nijue nguo gani yatoka. Ninyi mmekata gauni la mtu mzima kwa kitambaa cha mtoto."

Ndugu msomaji, katika mambo yote niliyosoma baadaye juu ya kubuni mashine, sijaona maneno yaliyoieleza kazi hii vizuri kuliko hayo. Mwenye kiwanda huchora mashine, kisha akaagiza vyuma vinavyolingana na mchoro. Anayetumia vyuma vilivyotupwa hawezi kufuata njia hiyo. Hana budi kuvipima vyuma vyake kwanza, akajua kila kimoja chaweza nini, na kuviacha hivyo viamue ukubwa wa mashine na aina ya kazi.

Kabla ya kugusa tena bisibisi, Afande alivaa koti lake akaenda nyumba kwa nyumba kwa wale wateja 12. Aliwaambia ukweli: mashine imeshindwa, ataiunda upya, hajui itachukua miezi mingapi, na atakaye pesa zake atarudishiwa. Wanane walisema watangoja. Wanne walidai chao. Aliuza mbuzi wawili akawalipa.

KUPIMA KITAMBAA

Tulianza na fimbo, kwa kuwa fimbo ndizo mifupa. Fimbo iliyoshikwa ncha mbili ikiwekewa mzigo katikati hupinda, na kupinda huko kuna sheria mbili ambazo kila fundi apaswa kuziweka moyoni. Ya kwanza: ukiuzidisha urefu mara 2, kupinda huongezeka mara 8. Ya pili: ukiuzidisha unene mara 2, kupinda hupungua mara 16.

Tulifanya hesabu mezani kwangu kwa taa ya umeme wa jua. Fimbo ya chuma ya milimita 8 iliyovuka sentimita 50, ikibeba kilo moja katikati, hupinda kama milimita 0.6. Huo ni uzito wa kichwa peke yake, kabla biti haijaanza kusukumana na mti. Si ajabu kwamba ilitetemeka. Kisha tukapima fimbo za milimita 12 tulizozipata katika mashine ya fotokopi, tukazipa sentimita 30 tu za kuvuka. Kilo ile ile ilizipinda milimita 0.03, yaani pungufu mara 23 hivi.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoamua mashine yetu. Fimbo za sentimita 30, ukitoa nafasi ya kichwa chenyewe, zatuachia mwendo wa sentimita 20 na kidogo. Kwa hiyo tukaandika: eneo la kazi milimita 200 kwa 100. Kibao cha mlangoni cha milimita 180 kwa 80 chaingia humo vizuri. Mlango hauingii, na Afande alikubali kwa shingo upande kwamba mlango hautaingia.

Je, zile fimbo nyembamba zilizotuaibisha tulizitupa? La hasha. Tulizikata zikawa za sentimita 12, tukazipa kazi ya kubeba mwendo wa juu na chini. Kwa urefu huo hupinda pungufu mara 72 kuliko zilivyopinda mwanzo. Chuma ni kile kile. Kilichobadilika ni kile tunachokitaka kwake.

Hatua ya pili ilikuwa mota. Mkanda wa skana husogea kama milimita 40 kwa kila mzunguko wa gurudumu la meno 20. Gawanya kwa hatua 48, na kila hatua huwa kama milimita 0.83. Ndiyo sababu kingo za herufi zilikuwa kama ngazi. Isitoshe, mota ndogo ikivuta mkanda moja kwa moja haina nguvu ya kuushinda mvule. Tukaacha mikanda, tukachukua fimbo yenye nyuzi iuzwayo katika maduka ya vifaa vya ujenzi, ya milimita 8, ambayo nati yake husogea milimita 1.25 kwa mzunguko. Kwa mota ya hatua 200, gawanya 200 kwa 1.25: hupatikana hatua 160 kwa kila milimita. Nguvu ya kusukuma huongezeka mara nyingi, ingawa msuguano wa nati hula sehemu kubwa. Gharama yake ni mwendo. Mota ikizunguka mara 200 kwa dakika, kichwa husogea milimita 250 tu. Haraka haraka haina baraka, na kwa mashine hii hilo ni jambo la hesabu.

Ncha ya fimbo ya nyuzi hushikwa na beringi zenye tundu la milimita 8, zile zile za viatu vya magurudumu, ili isisogee mbele na nyuma. Baina ya mota na fimbo hiyo tuliweka kipande cha mpira wa petroli wa pikipiki, kimekazwa kwa klipu pande zote mbili. Hivyo mhimili wa mota hata ukiwa haukulingana sawasawa na fimbo, mpira huvumilia. Fremu tuliiunda kwa plaiwudi ya milimita 18, kwa gundi na skrubu, tukaipaka vanishi kuzuia unyevu wa ziwani.

Kuna vitu vitatu ambavyo hatukuviokota: bodi na vibodi vyake, biti, na mota ya kuzungushia biti. Tulijaribu mota iliyochakaa ya keekee ya betri, lakini mhimili wake ulicheza, na biti inayocheza huchimba shimo kubwa kuliko yenyewe. Mahali hapo ubahili haufai.

KALAMU KABLA YA BITI

Mara hii hatukufunga biti kwanza. Tulifunga kalamu ya wino, tukatandika karatasi. Kalamu ni mwalimu mpole: husema makosa yako yote bila kumuumiza mtu.

Jaribio la kwanza ni mraba wa milimita 100. Pima pembe kwa pembe. Mistari miwili ya kukatiza katikati ikiwa sawa, kila mmoja milimita 141.4, mashine yako imesimama kwa guni. Yetu ilitoa 140 na 143. Tulilegeza fimbo za upande mmoja, tukasukuma, tukapima tena, mara nyingi, mpaka zikalingana.

Jaribio la pili ni duara. Yetu lilifunga vizuri, mwanzo ukakutana na mwisho. Maana yake hakuna hatua iliyopotea. Lakini lilikuwa na mabega madogo bapa mahali panne. Hiyo ni dalili ya ulegevu baina ya nati na nyuzi: mota inapogeuza mwelekeo, huzunguka kidogo bure kabla ya nati kusogea. Dawa yake ni kuweka nati mbili badala ya moja na springi ngumu baina yake, ili zisukumane na kubana nyuzi pande zote. Tuliliweka hilo katika mielekeo yote, na mabega yakapungua hata yakawa vigumu kuyaona.

Jaribio la tatu ni la uvumilivu. Chora mchoro ule ule mara 10 juu ya karatasi ile ile. Mistari ikibaki mmoja, mashine yaaminika. Ikisambaa, tafuta skrubu iliyolegea kabla hujailaumu kompyuta.

USALAMA WA NYUMBA

Mke wa Afande hakurudisha waya ukutani mpaka masharti yake yalipotimizwa, nami nayapeleka kwa kila nyumba.

Mashine imezungushiwa sanduku la plaiwudi lenye dirisha la plastiki nene, nalo halifunguliwi biti ikizunguka. Kitufe kikubwa chekundu kimewekwa mahali ambapo mkono hufika bila kuvuka mashine, nacho hukata umeme wa mota zote kwa mara moja. Katika miisho ya kila mwendo kuna swichi ndogo za kusimamisha kichwa kisijigonge. Miwani ya kukinga macho hutundikwa juu ya kitufe chenyewe, ili asiyeivaa akumbuke.

Umeme wa mota zetu ni wa volti 12, kutoka kisanduku cha umeme cha kompyuta ya zamani. Kisanduku hicho usikifungue. Ndani yake mna vihifadhi-umeme vinavyoweza kushika volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomolewa, navyo huua. Kibodi cha mota nacho kina mwiko wake: usichomoe waya wa mota umeme ukiwa umewashwa, maana kibodi huungua papo hapo. Tuliunguza kimoja hivyo. Mota ikiwa moto kiasi cha kutoshikika, punguza umeme wake.

Mwisho, vumbi. Unga wa mvule huwasha ngozi, macho na kifua, na wengine huwaletea pumu. Tunavaa barakoa, tunafuta kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia, na kibanda hakifunguki upande wa jikoni. Watoto hukaa nje ya mlango, na mstari wa rangi nyeupe umechorwa chini kuwaonyesha.

VIBAO VINANE

Kazi hii ilituchukua Jumamosi za miezi mitano. Siku tulipofunga tena kipande cha mvule, tuliamuru herufi ile ile, O. Biti ilishuka milimita 0.3 tu, ikazunguka, ikarudi ilikoanza. Kisha ikashuka tena. Baada ya mizunguko 8 herufi ilikuwa na kina cha milimita 2.4, kingo safi, imefunga. Afande alipitisha kidole ndani yake asiseme neno. Mkewe alikuja, akavaa miwani, akatazama kwa dirisha la sanduku, akasema, "Sasa nguo yamwenea mwenyewe."

Kibao kimoja huchukua kama saa moja na nusu. Vibao vinane vilitoka katika majuma mawili, vikapakwa mafuta, na Afande mwenyewe akavipeleka malangoni. Wawili kati ya wale waliorudishiwa pesa waliagiza upya. Siku ambazo hakuna vibao, tunafunga kalamu, na mashine huchora ramani na michoro ya sayansi kwa ajili ya shule mbili za jirani. Mimi kama mwalimu wa zamani nakiri kwamba hilo lanifurahisha kuliko vibao.

Je, Afande amekuwa tajiri? Hapana. Amepata kazi ya kumtosha baina ya pensheni moja na nyingine, na amebaki na jina lake, jambo ambalo kwa mtu aliyevaa sare maisha yake yote si dogo.

Ukutani mwa kibanda, juu ya mashine, amepigilia ubao mweusi alionitaka nimtafutie. Ameugawa sehemu mbili kwa chaki. Upande wa kulia ameandika kile ambacho mashine yaweza: ukubwa, kina, aina za mti, muda. Upande wa kushoto ameandika isichoweza, na neno la kwanza huko ni "milango". Mteja akija, kabla ya pesa kutoka mfukoni, Afande humsimamisha mbele ya ubao huo na kumwomba asome pande zote mbili.